Ndege Kumi na Mmoja wa Mashamba ya Chumvi

Ripoti ya kampuni inayotaka kufukia mashamba ya chumvi ya kijiji chetu, Neulpo, ilisema kwamba hapo kuna ndege kumi na mmoja. Si mia na kumi na mmoja. Kumi na mmoja. Tena ukiitazama vizuri picha waliyoambatisha, wawili kati yao ni bata wa kufugwa wa mwenyekiti wa kijiji.

Niliisoma ripoti hiyo mara nne, penseli mkononi. Shule mimi niliachia darasa la sita, nikaingia matopeni kuchimba chaza. Kusoma karatasi za wakubwa nimejifundisha mwenyewe, kwa sababu mwaka 1991 tulizigonga mihuri bila kuzisoma. Tarehe tatu Aprili, siku ya Jumatano. Walikuja na mitungi ya pombe ya mchele na kichwa cha nguruwe cha kuchemsha, wakasema tuta likijengwa baharini kila nyumba itapata shamba la mpunga. Aliyesema hayo alivaa tai ya kijani yenye doa la mchuzi. Tuta likajengwa, nusu ya matope yetu yakafa, na shamba la mpunga nalisubiri mpaka leo. Mtu yule simjui jina, lakini tai ile nikiiona kwenye umati wa watu elfu nitaitambua.

Kwa hiyo nikasoma mpaka maandishi madogo ya chini. Hesabu ilifanywa tarehe kumi na tano Julai, saa nne asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Julai! Ndege wetu wa baridi wako huko kaskazini wanalea vifaranga. Na hata wangekuwepo, maji yakikupwa wote huenda mbali kula. Chumvini hurudi kupumzika maji yakijaa. Ni sawa na mtu kubisha nyumbani kwako wakati uko shambani, kisha akaandika kwamba umekufa.

Novemba nikaanza kuandika barua. Ya kumi na saba ndiyo iliyojibiwa. Wilaya ingemtuma afisa mmoja, kwa siku moja, ahesabu kwa macho yake. Akiona ndege wa maana chumvini, ombi la kibali cha kufukia linarudishwa kuchunguzwa upya. Asipoona, Jumatatu kibali kinatoka, na malori ya udongo yanaanza kumwaga kabla theluji haijayeyuka. Siku ya kuja waliniachia nichague. Nikafungua kalenda ya maji inayotolewa na ushirika wa wavuvi, nikachagua Ijumaa ya bamvua kubwa la Januari, maji yanapojaa kupita siku zote.

Afisa Tak Hyeon-u alishuka kwenye gari saa nne asubuhi, kijana wa miaka thelathini hivi, na viatu vya ofisini. Baridi ilikuwa nyuzi sita chini ya sifuri. Alipanda juu ya tuta, akatazama bahari, na bahari haikuwepo. Yalikuwepo matope tu, yanameta mpaka yanapokutana na mbingu.

"Mama, ndege wako wapi?"

"Wako kazini."

Nikamwekea darubini. Mbali kule, kama kilomita nne, kwenye ukingo wa maji, ulikuwepo mstari mweusi kama uzi ulioanguka sakafuni.

"Huo uzi?" akauliza.

"Uzi huo una midomo. Ngoja maji yaulete."

Mbwa wangu, Nurungji, alikwenda kumnusa. Nilimpa jina hilo la ukoko wa wali kwa sababu ndiyo rangi yake, na ndiyo tabia yake: hang'oki upesi akishajishika. Kamba yake huwa naifunga kiunoni mwangu. Amefundishwa jambo moja tu maishani, nalo ni kulala kifudifudi, kidevu ardhini, ndege wakikaribia. Kuwakimbiza anakutamani mpaka masikio yanatetemeka, lakini tangu azaliwe sijamruhusu hata siku moja.

"Mbwa kwenye kuhesabu ndege?" akasema Tak.

"Huyo anawasikia kabla yangu na kabla yako. Funga mkoba."

Hakufunga. Mkobani mlikuwa na chakula chake cha mchana, wali ulioviringishwa kwenye mwani, na kabla hajainama kukaza kamba za viatu, Nurungji alikuwa ameshamaliza na anajilamba pua.

Ndipo akatokea dada Jeom-rye, akisukuma kigari cha mtoto. Ana miaka sabini na sita, mtoto hana wa kumsukuma. Kigari ni mkongojo wake, kama wanavyofanya akina mama wengi wa huku magoti yakichoka. Ndani alikuwa na viazi vitamu vya kuchoma, chupa ya chai ya shayiri, na kile kidude cha kubonyeza kinachohesabu. Tumehesabu pamoja miaka kumi na tisa, kila mwezi, mimi kwa darubini na yeye kwa kidude.

"Huyu ndiye serikali?" akauliza, akimpima kuanzia viatuni. "Mbona mwembamba hivi! Umeoa, mwanangu?"

"Bado, bibi."

"Bibi ni nani? Mimi bado kigoli. Niite mama. Shika kiazi."

Alishika kiazi kwa mikono miwili, kikawa chakula na jiko.

Tukatembea juu ya tuta, bahari ambayo haipo mkono wa kushoto, mashamba ya chumvi mkono wa kulia. Mashamba hayo yameachwa tangu mwenyewe, mzee Ham, afariki. Yamebaki vidimbwi vya mraba vyenye maji ya kufika kifundoni, na ghala la mbao lililoinama upande mmoja. Asubuhi ile palikuwa patupu kabisa. Nilimwona Tak akiandika: *saa 4:40, hakuna.* Nilimwacha aandike.

Kuanzia saa sita maji yakaanza kurudi, na hapo ndipo siku inapokuwa tamu. Kwanza mabata bukini wakapita juu kwa mistari, wanabishana njia nzima. Kisha sululu wawili, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, na sauti yao ile ya kupanda kama mtu anayeuliza swali na hangoji jibu. Tak alikuwa na kitabu kipya kizuri chenye picha za rangi. Changu nilikiokota sokoni mwaka 1998, kurasa za bundi hazipo, na hata leo bundi huwa nawakosea.

"Hesabu kundi lile," nikamwambia, nikamwonyesha mabata majini.

"Moja, mbili, tatu, nne..."

"Ukihesabu hivyo utazeeka. Shika kumi kwa macho. Umewashika? Sasa ona kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha upime kundi zima kwa nafasi hiyo."

"Mia na... arobaini?"

"Mia thelathini na nane," akasema dada Jeom-rye, kidude mkononi, bila hata kuinua uso. "Si mbaya. Una macho ya kuoa."

Kijana akacheka mpaka kiazi kikamtoka. Kwa kweli alikuwa mtoto mzuri. Jambo hilo lilinikera, maana nilikuwa nimejitayarisha kugombana naye, maneno ninayo tangu Novemba.

Saa nane kasoro, pikipiki ikaja juu ya tuta, nikajua ni Pyo Man-sik, mwenyekiti wetu. Mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Shuleni alikuwa akinakili hesabu zangu na bado anafeli. Yeye na kampuni ni chanda na pete: wamemwahidi ukumbi mpya wa kijiji wenye viti vya umeme vya kukanda mgongo. Lakini siwezi kumnyima haki yake. Mgeni akiingia Neulpo, Man-sik atamhudumia mpaka mgeni aombe msamaha.

"Mheshimiwa afisa!" akainama mpaka kofia ikadondoka. "Karibu sana!" Akanigeukia mimi. "Dada Sun-deok, unamtesa mgeni huku kwenye baridi? Ukumbini kuna tambi za chaza, zinachemka!"

"Yuko kazini," nikamwambia.

"Kazi gani, ya kuhesabu kitu kisichokuwepo? Ripoti imesema kumi na mmoja."

"Wawili ni wako. Nilikwambia ufunge banda."

"Bata wangu ni wakazi halali wa kijiji hiki!"

Tak akaingilia kati kwa adabu. "Asante sana, mwenyekiti. Chakula baadaye. Kwa sasa nahitaji kitu kimoja tu: utulivu. Saa ya maji kujaa, watu wasipitepite huku."

Man-sik akasimama wima kama askari. "Utulivu. Niachie mimi!" Akageuza pikipiki, nayo ikaondoka ikipiga kelele kama mashine ya kusaga.

Niwaeleze hesabu yangu ilivyokuwa. Mbele ya tuta, mita mia tatu hivi ndani ya bahari, kuna fungu la makome, kisiwa kidogo cha maganda matupu. Maji yakijaa kawaida, walachaza wetu, hao ndege weusi na weupe wenye midomo mirefu myekundu, hukusanyika juu ya fungu hilo kungoja. Bamvua likiwa kubwa, fungu linafunikwa, nao wanaruka juu ya tuta kuja chumvini. Kalenda ilisema saa tisa na dakika arobaini maji yatafika mita saba na sentimita ishirini. Fungu linazama kwenye mita saba na sentimita kumi.

Kitu ambacho kalenda haikusema ni upepo. Mwezi mzima ulivuma kutoka baharini ukisukuma maji kwetu. Ijumaa ile, siku yangu moja niliyoipata kwa barua kumi na saba, ulivuma kutoka nchi kavu.

Tulijibanza nyuma ya ghala la chumvi. Ule uzi wa asubuhi ulikuwa umefika, na sasa ulikuwa zulia: walachaza, bega kwa bega, wamejaa juu ya fungu la makome, kila mmoja kwa mguu mmoja, mdomo mgongoni. Maji yakapanda kuwazunguka. Saa tisa na nusu fungu lilikuwa jembamba kama mkeka. Saa tisa na arobaini, jembamba kama ubao. Na hapo maji yakasimama. Kilibaki kimo cha kiganja kimoja tu fungu lizame. Ndege wa pembeni walikuwa wanasimama majini, wamebanana, lakini hawaondoki. Nyuma yetu mashamba ya chumvi yalikuwa matupu kama sinia iliyooshwa.

"Ni wengi sana, mama," Tak akanong'ona, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Kisha akashusha darubini. "Lakini wako baharini. Eneo la kibali ni chumvini. Siwezi kuandika nilichoambiwa. Lazima nione."

"Ngoja kidogo."

"Nitangoja mpaka yaanze kupungua."

Hiyo ni robo saa. Labda dakika ishirini.

Dada Jeom-rye akanisogelea na kigari chake. "Mfungulie mbwa," akaniambia sikioni. "Abweke mara moja tu. Nani atajua?"

Nurungji alikuwa amelala, kidevu ardhini, macho kwenye fungu, mwili mzima unatetemeka. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye fundo la kamba kiunoni. Sikumbuki niliupeleka lini. Fundo lenyewe ni jepesi, unavuta ncha moja tu. Nikavuta nusu.

Nitasema ukweli kilichonizuia. Si wema. Ni kumbukumbu. Mwaka 2006 kampuni nyingine, iliyotaka kufukia upande wa kusini, ilifyatua mizinga ya gesi siku tatu mfululizo kabla ya wahesabuji kufika, ile ya kufukuzia ndege mashambani. Wahesabuji wakakuta patupu, wakaandika patupu. Nimewatukana watu hao kwa miaka yote hii, kwenye mikutano, kwenye vituo vya basi, hadi msibani. Nikivuta kamba hii, kesho nitamtukana nani? Nikalikaza fundo. Nilipoinua macho, Tak alikuwa ananitazama mkono. Kisha akairudia darubini.

Tukangoja. Saa tisa na dakika hamsini na mbili, kutoka kijijini, wimbo wa mapenzi ukalipuka.

Kila kijiji cha kwetu kina spika juu ya ukumbi, na kila mwenyekiti hufungua tangazo kwa wimbo. Sisi tuna spika nne, na moja imeelekezwa baharini, ya kuwaita wachimba chaza ukungu ukishuka. Sauti yake inafika kilomita mbili. Man-sik alikuwa ameifungua mpaka mwisho.

"Aa. Aa. Mnanisikia? Ni mwenyekiti wenu, Pyo Man-sik! Wanakijiji wa Neulpo, leo tumetembelewa na mgeni mheshimiwa kutoka wilayani. Anahesabu ndege! Anahitaji UTULIVU! Narudia, UTULIVU! Mzee Gu, zima hilo trekta! Mtu asipige kelele! Ndege ni waoga sana! Narudia kwa mara ya pili..."

Kundi lote likanyanyuka. Lilipaa mara moja kama kitambaa cha meza kinachokung'utwa, jeusi, kisha jeupe, kisha jeusi. Walielekea kusini, kukawa maji. Wakageuka kaskazini, maji. Wakazunguka mara mbili, wanapiga mbinja zile kali za pamoja, na popote walipotazama palikuwa na bahari. Kisha wakaja kwetu. Walipita juu ya tuta chini sana, upepo wa mabawa yao niliusikia usoni, na Nurungji akajibanza ardhini hadi akawa bapa. Wakashuka chumvini. Kundi baada ya kundi, kidimbwi baada ya kidimbwi, mpaka mraba wa mwisho ukajaa, na kila mmoja akakunja mguu mmoja kana kwamba alikuwa hapo tangu jana.

"Hesabu," nikamwambia Tak. "Hesabu, mwanangu, usinitazame mimi!"

Tukahesabu watatu, kila mtu peke yake, kwa dakika ishirini na tano. Mimi nilipata elfu mbili mia tatu na kumi na sita. Dada Jeom-rye, kwa kidude, elfu mbili mia tatu na arobaini. Tak, elfu mbili mia mbili na tisini.

"Tunaandika ndogo kuliko zote," nikasema. "Daima. Ili asipatikane wa kusema nimeongeza."

Kalamu yake ikasimama juu ya karatasi. Wino ulikuwa umeganda, akaupulizia pumzi, lakini niliona si wino unaomsumbua.

"Mama. Mkono wako ulikuwa kwenye fundo."

"Ulikuwa."

"Halafu ukauondoa, na baada ya dakika chache spika ikalia. Lazima nikuulize. Ulipanga na mwenyekiti? Kama walifukuzwa makusudi ili mimi nione, sitaweza kuandika. Hata kama nataka."

Ningejitetea vipi? Mtu pekee wa kunisafisha alikuwa Man-sik, na Man-sik hata angekuwa mvua asingenisafisha.

Pikipiki ikaja. Alishuka anang'aa jasho kwenye baridi ile.

"Mheshimiwa! Umesikia? Spika zote nne! Hata trekta la mzee Gu limezimwa, na mzee yule hamsikilizi mtu tangu mkewe alipofariki!"

"Mwenyekiti," Tak akasema polepole, "tangazo hilo ni nani aliyekuambia ulitoe?"

"Kuniambia?" Akaumia kabisa. "Mimi naambiwa? Ni wazo langu mwenyewe! Kwa hiari yangu!"

"Mama hapa hakukuomba?"

"Huyu? Huyu aniombe mimi? Miaka ishirini hajaniomba hata chumvi!"

"Utakubali kugonga muhuri kwamba tangazo lilikuwa lako peke yako?"

Man-sik hutembea na muhuri wake mfukoni kama watu wengine wanavyotembea na miwani. Alikuwa ameshaupulizia joto kabla Tak hajamaliza kuandika. Akagonga, akaangalia jinsi wino mwekundu ulivyotulia vizuri, akaridhika. Baada ya hapo ndipo alipoanza kusoma, kwa sauti.

"'Saa tisa na dakika hamsini na mbili, baada ya tangazo la mwenyekiti wa kijiji, alilolitoa kwa hiari yake, walachaza 2,290 waliondoka kwenye fungu la makome. Walizunguka mara mbili. Wote walitua kwenye mashamba ya chumvi. Hawakuonekana kuwa na mahali pengine...'" Akarudi mstari mmoja juu. "Mashamba ya chumvi yapi?"

"Geuka nyuma," akasema dada Jeom-rye.

Akageuka. Kofia ikamdondoka tena.

"Lakini ni kelele iliyowaleta," akasema akiiokota. "Hiyo haihesabiki. Si ndiyo? Ni kelele!"

"Ndiyo maana inahesabika," Tak akamjibu, anafunga karatasi ndani ya mkoba, safari hii mpaka mwisho wa zipu. "Wangekuja wenyewe, ningeandika kwamba wanapapenda. Sasa nimeona kwamba wakipatwa na shida hawana pengine. Hilo lina uzito zaidi, mwenyekiti. Asante."

"Nirudishie nirekebishe neno moja."

"Muhuri umeshagongwa."

Nilijiandaa kwa kelele. Ningezipokea kwa furaha, nilikuwa na miaka thelathini ya kumjibu. Badala yake alinisogelea, akanyoosha kidole kwenye darubini.

"Dada, niangalie kidogo."

Nikampisha. Aliinama, akafumba jicho lisilo lenyewe, nikamfumbulia, nikamfumba lingine.

"Alaa," akasema. "Midomo yao huwa myekundu hivi siku zote?"

"Siku zote."

"Tangu utotoni?"

"Tangu kabla ya babu yako, Man-sik. Umeishi nao miaka sitini na sita, mita mia tano kutoka kitandani kwako."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Dada Jeom-rye alicheka mpaka akakaa kwenye kigari, kigari kikamkimbia juu ya tuta, na Tak, na viatu vyake vile, akamkimbilia akimshika kwa nyuma. Maji yalikuwa yameanza kupungua. Ndege wakaanza kuondoka, ishirini ishirini, wanarudi kazini, na kila kundi lilipopita juu yetu Man-sik alitoa hesabu kwa sauti, akikosea kila mara.

Ombi la kampuni lilirudishwa Jumanne. Watakuja tena, najua, na ripoti nyingine na tai nyingine. Waje maji yakiwa yamejaa.